Siku ya Mwisho ya Mkataba: Kumbukumbu za Kupanga Kitale na Bungoma

Mkataba wa kupanga nyumba kwa muda maalumu huisha wenyewe siku iliyoandikwa ndani yake. Ukiwa wa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Februari 2014, basi usiku wa tarehe 31 Januari 2015 ukikatika, nao umekatika. Haihitajiki barua ya kuumaliza, kwa sababu siku ya kuachana ilikubaliwa tangu siku ya kutia saini. Hiyo ndiyo kanuni ya msingi nchini Kenya, na huwashangaza wapangaji wengi, ambao huamini kwamba mwenye nyumba lazima atoe notisi ya mwezi mmoja, iwe iwavyo. Wenye nyumba nao wana imani yao: kwamba mkataba ukishaisha, mpangaji aliyebaki ndani hana haki yoyote na anaweza kuambiwa leo atoke kesho. Imani zote mbili zina kasoro. Kasoro hiyo huonekana asubuhi ya kwanza baada ya mkataba kwisha, mpangaji akiwa bado yumo ndani na hakuna aliyesema neno.

Mwandishi wa makala haya aliamka asubuhi ya namna hiyo mara mbili, mara ya kwanza Kitale na mara ya pili Bungoma. Safari ya kwanza kimya kilimgharimu pesa. Safari ya pili kimya hicho hicho kilimkinga asitolewe nje na vyombo vyake. Ni mwalimu, na walimu hupanga nyumba kwa kufuata barua za uhamisho, si kwa kufuata tarehe za mikataba. Kwa hiyo yaliyompata huwapata watu wengi katika miji hiyo miwili.

Nyumba ya Kitale ilikuwa mtaa wa Section Six, vyumba viwili na jiko, kodi shilingi 9,000 kwa mwezi, kulipwa tarehe 1. Mkataba ulikuwa karatasi mbili zilizochapwa kwenye saiba karibu na stendi ya matatu. Ulitaja majina, kodi, dipoziti ya mwezi mmoja na muda wa miezi 12. Juu ya notisi haukusema lolote. Mkataba mfupi wa aina hiyo si batili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 58, inautambua upangaji wa miaka miwili au pungufu, usio na ahadi ya kurefushwa, kuwa upangaji wa muda mfupi, unaoweza kufanywa kwa maandishi au kwa mdomo bila kusajiliwa.

Januari 2015 ilipokaribia kwisha, mpangaji alimuuliza mwenye nyumba kama watatia saini karatasi nyingine. Mzee alikuwa amesimama langoni akizungumza na fundi wa bomba. Alijibu bila kugeuka vizuri: “Mwalimu, si ukae tu. Wewe si mtu wa matatizo.” Mazungumzo yakaishia hapo. Kodi ya Februari ikatumwa kwa M-Pesa kama kawaida, ya Machi vilevile, na maisha yakaendelea kwa zaidi ya mwaka.

Maneno hayo machache ya langoni yalikuwa na uzito wa kisheria ambao hakuna aliyeufikiria siku ile. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba mpangaji akibaki kwa idhini ya mwenye mali baada ya muda kwisha, na wawili hao wasipokubaliana vingine, upangaji wake unageuka kuwa wa vipindi. Masharti ya mkataba wa zamani yanayoweza kupatana na hali hiyo mpya yanaendelea kutumika. Kodi ni ile ile, katazo la kufuga kuku ni lile lile, wajibu wa kupaka rangi wakati wa kuhama ni ule ule. Kinachokufa ni muda wenyewe. Mahali pa miezi 12 panaingia mwezi mmoja unaojirudia, ikiwa kodi hulipwa kila mwezi. Iwapo hulipwa kila robo mwaka, kipindi ni robo mwaka.

Hapo ndipo notisi inapopata kazi. Upangaji wa vipindi hauna siku ya mwisho, kwa hiyo hauwezi kwisha wenyewe. Lazima mmoja aukatishe. Kifungu hicho hicho kinaruhusu upande wowote kuukatisha kwa notisi, na kinaweka masharti mawili. La kwanza linajulikana na kila mtu: notisi isipungue urefu wa kipindi kimoja. La pili karibu kila mtu hulisahau: notisi iishie kwenye siku mojawapo ya kulipa kodi.

Sharti hilo la pili ndilo lililomnasa mwalimu. Barua ya uhamisho wa kwenda Bungoma ilimfikia mwanzoni mwa Machi 2016. Tarehe 10 Machi akampelekea mzee barua kwamba angetoka tarehe 10 Aprili. Kwa hesabu yake alikuwa ametoa mwezi mzima bila kupunguza hata siku. Aprili ilipoanza alilipa kodi ya siku kumi, shilingi 3,000, akafungasha. Mzee alikataa hesabu hiyo. Alisema mwezi uliokwisha kuingia hulipwa wote, akakata shilingi 6,000 kutoka kwenye dipoziti na kurudisha 3,000.

Mwalimu aliondoka Kitale akiamini kwamba amedhulumiwa, na aliisimulia hadithi hiyo kwa uchungu kwa miezi kadhaa, hadi karani wa wakili mmoja alipomketisha na kumwonyesha kifungu chenyewe. Mwezi mmoja kutoka tarehe 10 Machi unafika tarehe 10 Aprili, lakini tarehe 10 Aprili si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei. Barua ya Machi 10, isomwe vyovyote, isingeweza kumwondolea mzigo wa kodi kabla ya siku hiyo. Kama barua ingefika tarehe 29 Februari, yaani siku moja tu kabla ya mwezi kugeuka (na mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29), angetoka tarehe 1 Aprili bila kudaiwa. Mzee hakuwa amesoma sheria yoyote. Alifuata desturi ya wenye ploti kwamba notisi huanza mwezi unapoanza, na safari hiyo desturi na sheria zilikuwa upande mmoja. Haki inamtaka mwandishi aseme wazi kwamba aliyekosea alikuwa yeye.

Hesabu hii ni chungu zaidi kwa anayepata uhamisho wa ghafla, kwa kuwa barua ya mwajiri haijali siku ya kodi. Dawa yake ni sharti la mkataba, na linaandikwa mwanzoni, si mwishoni. Pande mbili zinaweza kukubaliana kwamba notisi ya siku 30 inaweza kuanza siku yoyote na kodi kuhesabiwa kwa siku. Mstari mmoja wa namna hiyo ungemwokolea mwalimu shilingi 6,000.

Nyumba ya Bungoma, upande wa Kanduyi, ilikuja na mkataba wa aina nyingine kabisa. Uliandikwa na wakili, kurasa sita, ukapigwa stempu ya ushuru. Ushuru huo kwa mikataba ya hadi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na hati isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ilipiwe. Wapangaji wengi huliona jambo hilo kuwa gharama isiyo na faida, mpaka siku wanapohitaji kuionyesha hati hiyo kwa hakimu. Muda ulikuwa mwaka mmoja, tarehe 1 Mei 2016 hadi tarehe 30 Aprili 2017. Ukurasa wa nne ulikuwa na sharti kwamba mpangaji anayetaka kuendelea aandike si chini ya siku 60 kabla ya mwisho ili wazungumze, na asipoandika nyumba irudi kwa mwenyewe.

Mpangaji hakuandika. Alikuwa amezoea ya Kitale na alingoja aambiwe akae tu. Tarehe 24 Aprili 2017, jioni, mama mwenye nyumba alimpigia simu na kumweleza kwa upole kwamba binti yake anarudi kutoka Nairobi na ataingia nyumba hiyo wiki inayofuata. Mwalimu akasema hajapewa notisi. Mama akajibu kwamba notisi iko ukurasa wa nne.

Alikuwa sahihi. Mkataba wa muda maalumu unapofika siku yake, mwenye nyumba hadaiwi notisi yoyote, isipokuwa mkataba wenyewe umemdai au nyumba iko chini ya sheria za ulinzi zitakazoelezwa baadaye. Simu ile ya siku sita kabla ilikuwa hisani. Katika jambo hili mpangaji na mwenye nyumba wako sawa kabisa: mpangaji naye anaweza kufunga mizigo siku ya mwisho, akarudisha funguo na kwenda zake bila kuandika barua, na hakuna halali ya kumkata dipoziti kwa “kutotoa notisi” ikiwa mkataba haukuidai. Wasimamizi wengi wa ploti hukata pesa hiyo bila hata kuusoma mkataba. Inafaa waulizwe, kwa adabu, wanaonyesha kifungu kipi.

Yaliyofuata Bungoma ndiyo yaliyomfundisha mwandishi sehemu ya sheria ambayo hakuwahi kuisikia. Nyumba nyingine haikupatikana ndani ya siku sita. Mwalimu akaomba muda. Mama akamwandikia ujumbe wa simu kwamba hakubali mkataba mpya wala kuongeza muda, ila hatamtoa kwa nguvu. Mei ikaingia. Kodi ikatumwa, mama akaipokea na kuandika, “Hii ni ya kukaa tu, si mkataba.” Binti akachelewa Nairobi. Juni ikaingia, kodi ikatumwa tena, ikapokelewa tena, safari hii bila neno. Jumatatu tarehe 3 Julai simu ikalia: binti amefika, nyumba inatakiwa wazi Jumamosi.

Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi kinahusu mpangaji wa namna hii, aliyebaki bila idhini. Kwanza kinambana: wajibu wake wote chini ya mkataba uliokufa unaendelea hadi siku atakapotoka, kuanzia kodi, usafi na matengenezo hadi kutowasumbua majirani. Hawezi kusema kwamba mkataba umeisha kwa hiyo hadaiwi kitu. Kisha kinamlinda mwenye mali: kupokea kodi baada ya muda kwisha, kwenyewe, hakumaanishi kwamba amekubali mpangaji abaki au amefanya mkataba mpya. Ujumbe wa mama wa mwezi Mei ulikuwa na nguvu hiyo. Lakini kifungu kinaweka mpaka. Mwenye mali akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili kutoka kwa mpangaji aliyebaki ndani, sheria inahesabu kwamba upangaji wa mwezi kwa mwezi umezaliwa. Mei moja, Juni mbili. Kufikia Julai mwalimu hakuwa tena mtu wa kukaa tu. Alikuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi anayestahili notisi ya mwezi mzima inayoishia siku ya kodi. Notisi iliyotolewa tarehe 3 Julai isingeweza kukomaa kabla ya tarehe 1 Septemba.

Ushahidi wote ulikuwa ndani ya simu: jumbe mbili za M-Pesa zenye tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007 imekuwa daftari la risiti kwa watu ambao hawakuwahi kupewa risiti ya kodi maishani. Ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani ukiambatanishwa na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kwa hiyo anayefuta jumbe zake ili simu ipate nafasi anajifutia kinga yake.

Mwalimu hakwenda mahakamani. Alimpelekea mama nakala ya kifungu, akakaa naye sebuleni, wakakubaliana atoke mwisho wa Agosti. Mama hakuwa mtu mbaya. Alifanya kosa ambalo wenye nyumba wengi hulifanya kwa huruma: alikataa kwa mdomo huku mkono ukipokea. Asiyetaka mpangaji abaki anapaswa kuirudisha kodi ya mwezi wa pili, au aandike makubaliano mafupi ya kukaa kwa muda yenye tarehe ya kutoka. Sheria inaruhusu pande mbili kukubaliana kipindi kingine, na karatasi ya mistari mitatu ingetosha.

Masharti haya yote yanahusu nyumba za kawaida za kuishi. Maduka yana sheria yake, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba anayechanganya hizi mbili hupotea kabisa. Mlango wa pili kutoka ofisi ya wakili aliyeandika mkataba wa Kanduyi palikuwa na fundi wa nguo, mama aliyeshona sare za shule kwa cherehani tatu. Mkataba wake wa miaka mitatu uliisha, na mwenye jengo akampa barua ya siku 30 kwamba atoke. Kwa mantiki ya nyumba ya kuishi, barua hiyo ilikuwa zaidi ya alichodaiwa. Kwa sheria ya maduka haikuwa kitu.

Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula, ilianza kutumika mwaka 1965. Inaulinda upangaji wowote wa majengo hayo usio na maandishi, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Duka kwa maana ya sheria hii ni pana: kinyozi, kibanda cha M-Pesa na fundi wa viatu wote wamo, maadamu jengo linatumika hasa kuuza bidhaa au kutoa huduma kwa malipo. Upangaji wa aina hiyo hauishi kwa sababu tarehe ya mkataba imefika. Mwenye jengo anayetaka kuumaliza lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, ataje mojawapo ya sababu zinazokubaliwa, kama vile malimbikizo ya kodi ya miezi miwili, nia ya kubomoa na kujenga upya, au kutaka kulitumia jengo yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kisha ampe mpangaji si chini ya miezi miwili tangu siku aliyoipokea. Notisi hiyo lazima imtake mpangaji ajibu ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au la. Asiyekubali hupeleka shauri kwenye jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara kabla ya siku ya notisi kufika, na notisi inasimama hadi shauri liamuliwe. Anayekaa kimya hadi siku ipite huwa ameikubali, hata kama sababu iliyotajwa ilikuwa ya uongo. Fundi alifika kwa wakati. Sare za muhula uliofuata zilishonwa pale pale.

Wenye majengo wanaijua sheria hii vizuri kuliko wapangaji wao, na ndiyo maana mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu imejaa katika miji ya Kenya. Miezi hiyo mitatu haikuongezwa kwa wema. Huuvusha mkataba nje ya mpaka wa miaka mitano, kusudi upangaji usilindwe na tarehe ya mwisho iwe ya mwisho kweli. Hata hivyo mkataba mrefu ukiwa na sharti la kuukatisha ndani ya miaka mitano kwa sababu isiyo uvunjaji wa masharti, unarudi chini ya ulinzi. Mfanyabiashara anayepewa karatasi ya kutia saini asome muda kwanza, kisha atafute sharti hilo. Vibanda na maduka ya serikali au ya mamlaka ya mji havimo katika ulinzi huu, kwa kuwa sheria imeviondoa waziwazi.

Kuna pia Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, inayohusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chini yake mpangaji hawezi kutolewa, hata baada ya muda wake kwisha, bila amri ya jopo la kodi na kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Kiwango hicho kimeachwa nyuma na bei za soko, na nyumba nyingi za Section Six au Kanduyi ziko mbali nacho. Vyumba vya mabati na udongo vya Kipsongo na Tuwani mjini Kitale ndiko sheria hiyo inakoweza kugusa maisha ya watu bado, na huko ndiko watu hutolewa kwa kufuli na matusi bila kujua kwamba sheria inawataja. Muswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuunganisha sheria za kodi na upangaji kuwa moja, lakini haukupita kuwa sheria. Hasara ya hilo inawaangukia wasio na uwezo wa kumlipa mtu wa kuwaeleza wako chini ya sheria ipi.

Haiwezekani kuzungumzia mikataba inayoisha Kitale bila kuzungumzia mashamba. Mji huu ni nyumbani kwa Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, na kaunti ya Trans Nzoia hulima mahindi katika ardhi ambayo sehemu kubwa yake hukodishwa. Kukodi shamba hufanywa kwa ekari na kwa msimu, mara nyingi kwa kupeana mikono mbele ya shahidi mmoja. Mahindi ya nyanda za juu, kama mbegu ya 614, hukaa shambani kati ya miezi sita na minane, mvua za Machi na Aprili hadi mavuno ya Oktoba na Novemba. Anayekodi anapovuna hajui kama mwaka ujao shamba ni lake, na mwenye shamba hajui kama atalipwa tena.

Sheria ya Ardhi iliwaza juu ya hili. Upangaji wa ardhi ya kilimo unaokwenda kwa vipindi, uwe wa mwezi au mwaka, unahesabiwa kuwa na kipindi cha miezi sita, na kwa hiyo notisi yake haiwezi kupungua miezi sita. Wazo hilo si geni. Sheria ya India ya mwaka 1882 juu ya uhamishaji wa mali, iliyotumika Kenya hadi ilipofutwa mwaka 2012, nayo ilidai miezi sita kwa upangaji wa kilimo, na siku 15 tu kwa upangaji mwingine wa mwezi kwa mwezi. Watunga sheria wa zama zote mbili walielewa kwamba mmea haungoji barua.

Kaka mkubwa wa mwandishi alikodi ekari tatu upande wa Kiminini kwa misimu minne, bila karatasi, akilipa kila Januari. Februari moja alikwenda kukagua akakuta trekta la mtu mwingine limeshageuza udongo. Mwenye shamba alikuwa amepata bei nzuri zaidi na hakuona haja ya kumwambia, kwa kuwa “msimu umeisha.” Kwa mkataba wa msimu mmoja ulioandikwa, angekuwa sahihi. Kwa kukodi kulikojirudia mwaka baada ya mwaka, alipaswa kusema mapema kabla ya mavuno. Wazee wawili na chifu walikaa nao chini ya mti, na kaka akaachiwa ekari mbili kwa msimu mmoja wa mwisho. Aliponea kwa sababu alikuwa na jumbe za malipo za miaka yote minne.

Notisi yenyewe haihitaji Kiingereza cha wakili. Inataja jina la anayeandika na anayeandikiwa, nyumba au shamba lilipo, tarehe ya kuandikwa, na siku kamili ambayo upangaji utakwisha. Maneno kama “hivi karibuni” au “mwezi ujao” hayafai, kwani mwezi ujao wa anayeandika si lazima uwe mwezi ujao wa anayesoma. Ipelekwe kwa mkono, na nakala itiwe saini na tarehe na aliyeipokea. Akikataa kutia saini, itumwe kwa njia inayoacha alama na shahidi aandike aliyoyaona. Kumwambia msimamizi wa ploti kwa mdomo, akiwa anafua, hakujamaliza kitu. Wanafunzi wanaopanga kuzunguka Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, hupoteza dipoziti nyingi kwa njia hii: wanakubaliana kwa semista, semista inaisha, godoro linabaki ndani wakati wa likizo, na mlango uliofungwa huku vitu vimo unahesabiwa kuwa nyumba bado inakaliwa.

Pale mpangaji anapokataa kutoka baada ya muda au notisi halali kwisha, mwenye nyumba anatakiwa kutafuta amri ya mahakama au ya jopo linalohusika. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina vituo Kitale na Bungoma, na mahakama za mahakimu ziko katika miji yote miwili. Kung’oa mlango, kuezua mabati au kuweka kufuli juu ya kufuli ni makosa hata kama mpangaji ana deni la mwaka. Deni hukusanywa kwa dalali mwenye leseni, chini ya sheria ya kukamata mali kwa kodi. Barua ya chifu inaweza kuwapatanisha watu, kama ilivyokuwa Kiminini, lakini haina nguvu ya kumtoa mtu ndani ya nyumba.

Jambo la mwisho ni funguo. Kuhama kunahesabiwa tangu siku nyumba inaporudishwa mikononi mwa mwenyewe, si siku lori linapoondoka. Mpangaji anayeondoka na ufunguo mfukoni, akikusudia kuurudisha wiki ijayo, anaweza kudaiwa wiki hiyo. Bungoma, mwalimu na mama walizunguka vyumba pamoja, wakasoma mita ya maji na salio la tokeni za umeme, wakaangalia dirisha moja lililopasuka tangu kabla ya mkataba, wakayaandika yote kwenye ukurasa wa daftari la shule. Kisha funguo tatu zikawekwa mezani. Mama akazihesabu, akatia saini chini ya ukurasa, akaandika tarehe, 31 Agosti 2017, na bila kuombwa akaongeza saa: kumi na dakika ishirini jioni.